Wenye Funguo za Maktaba: Kutoka Ijuganyondo hadi Kamachumu

Ijuganyondo ni kata ya Manispaa ya Bukoba, lakini mgeni anaweza kuivuka akidhani bado yuko kijijini. Migomba inaanza pale ukuta wa duka unapoishia. Chini ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni kuna maharage, na katikati ya yote hayo kuna nyumba ya tofali yenye bati jekundu na dishi la televisheni. Hicho ndicho kibanja. Mhaya hata akiwa na ofisi mjini atakuambia kwao ni kwenye kibanja. Nilipanda bodaboda pale Rwamishenye asubuhi, barabara ikiwa imelowa, na kijana aliyenibeba akawa ananieleza habari za kila nyumba tuliyoipita: huyu ni mwalimu mstaafu, yule alikuwa karani wa chama cha ushirika, pale ni kwa nesi wa hospitali ya mkoa, na ile yenye mparachichi ni ya mama wa maktaba.

Huyo wa mwisho ndiye aliyenileta. Kagera ni mkoa uliosomesha wauguzi na waganga wengi. Kuna Rubya na Ndolage kule Muleba, kuna Kagemu hapa Bukoba kwa maofisa afya ya mazingira, na kuna hospitali za misheni ambazo kwa miongo mingi zimekuwa madarasa ya vitendo. Habari za wanaohitimu hutangazwa kanisani, msikitini na redioni. Habari za mtu aliyewaazimisha vitabu miaka yote ya masomo hazitangazwi popote: kama amepata mafunzo au amekosa, kama amehamishwa, kama amestaafu na nafasi yake imejazwa au imebaki wazi. Naamini habari hizo zinagusa afya ya wananchi sawa na habari za dawa kuisha katika zahanati, ndiyo maana nilitaka kuzisikia kwa mwenyewe.

"Karibu waitu, pita ndani, miguu ifutie hapo." Alinipa kiti, kisha akaniletea kisahani cha akamwani, kahawa ya kutafuna, kama desturi ya Buhaya inavyotaka kwa mgeni. Aliniita mwanangu tangu mwanzo, nami nikamwita Mama. Amestaafu muda si mrefu. Mezani alikuwa ameshaweka tayari alivyotaka nivione: daftari la azima lenye jalada gumu, mhuri wa tarehe ambao wino wake umekauka, na vyeti vyake ndani ya mfuko wa plastiki.

Hakuingia maktaba akiwa mkutubi. Aliajiriwa kuwa mhudumu katika chuo kimoja cha uuguzi, kazi yake kufagia madarasa na kuchemsha chai ya walimu. Sista aliyekuwa mkuu wa chuo aliuona mwandiko wake kwenye daftari la sukari na majani ya chai, akampa ufunguo wa chumba cha vitabu. "Aliniambia, wewe unaandika vizuri na husahau. Huo ndio uliokuwa usaili wangu wote, mwanangu." Vitabu vilikuwa vimekuja kwa maboksi kutoka Ulaya, vingine kwa Kijerumani, vingine kwa Kiswidi, vingine kwa Kiingereza na kurasa zimeshikana. Kwa kuwa hakuna aliyemfundisha, alivipanga kwa kimo. Kitabu cha ukunga kikakaa na kitabu cha nyimbo za kanisa kwa sababu vilikuwa na urefu mmoja. Wanafunzi walipouliza kitu, alikumbuka rangi ya jalada.

Anasimulia haya bila aibu yoyote, na sioni kwa nini angekuwa nayo. Alifanya kazi kwa akili aliyokuwa nayo mpaka alipopelekwa Bagamoyo, kwenye Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Chuo hicho kilianza mwaka 1989, na wengi wanaozifungua maktaba za vyuo vyetu asubuhi wamepita huko. Ndiko alikojifunza namba za Dewey: 610 kwa tiba, 616 kwa magonjwa, sehemu zake zikigawanywa kwa nukta. Alirudi Kagera na cheti na furaha, akaanza kuandika namba migongoni mwa vitabu kwa kalamu nyeupe.

Kisha akapata nafasi ya kukaa majuma machache katika maktaba ya chuo kikuu cha tiba, kujifunza kwa kuangalia. Huko alikuta mpangilio mwingine kabisa, ule wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, unaotumia herufi. QS ni anatomia, QV ni dawa, WC ni magonjwa ya kuambukiza, WQ ni uzazi, WY ni uuguzi. Ukimwi uko WC 503, malaria iko WC 750. "Nilikaa kitandani usiku nikafikiri: nimeandika vitabu mia ngapi kwa kalamu nyeupe?" Swali halikuwa dogo. Mwanafunzi anayetoka sekondari na kuijua Maktaba ya Mkoa pale mjini ameshaizoea Dewey. Lakini Dewey inaurundika uuguzi wote kwenye kijisehemu kimoja cha 610, na katika chuo cha uuguzi kijisehemu hicho ndicho maktaba karibu nzima. Namba zinarefuka mpaka haziingii mgongoni mwa kitabu.

Alichoamua kinaonyesha thamani ya mafunzo kuliko cheti chochote. Aligundua kwamba vitabu vya Shirika la Afya Duniani, ambavyo chuo kilikuwa navyo vingi, vina namba ya herufi iliyochapwa tayari nyuma ya ukurasa wa jina. Hakuhitaji kubuni kitu, wala kumwuliza mtu wa Dar es Salaam. Alifungua kila kitabu, akatazama ukurasa ule, akanakili. Visivyo na namba alivilinganisha na vyenye namba. Kazi ilimchukua zaidi ya mwaka, mchana akihudumia wanafunzi, jioni akibandika karatasi mpya juu ya kalamu nyeupe. Alipomaliza, mwanafunzi aliyetaka kitabu cha malaria aliweza kwenda mwenyewe kwenye rafu na kukuta pembeni yake vitabu vya magonjwa mengine ya kuambukiza ambavyo hakujua kama vipo.

Nilimwuliza kuhusu mvua. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kusema kwa uhakika kwamba hautanyesha. Vitabu vya hapa huota ukungu. Karatasi nzuri ya kung'aa, ile yenye picha za rangi za viungo vya mwili, ndiyo ya kwanza kushikana. Alinionyesha kwa mikono jinsi alivyokuwa akizitenganisha kurasa kwa ukingo wa rula, taratibu, baada ya kukiacha kitabu kivulini penye upepo na si juani. Hakuna aliyemfundisha hilo Bagamoyo, maana Bagamoyo shida yao ni chumvi ya bahari. Alijifunza kwa mama mwenzake wa maktaba moja ya Mwanza, walipokutana kwenye semina na kuzungumza wakati wa chakula cha mchana. Wakubwa wanaopanga bajeti huona semina kama mahali pa kulipana posho; wangekaa meza ile wangesikia jinsi atlasi ya anatomia inavyookolewa.

Katika mazungumzo hayo alilitaja sanduku la bluu, na uso wake ukachangamka. Miaka ya mwisho ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilianza kusambaza Afrika maktaba ndogo iliyofungwa ndani ya sanduku la chuma lililopakwa rangi ya bluu. Ndani yake vilikuwemo vitabu zaidi ya 100, vimegawanywa kwa mada katika maboksi ya kadibodi, kwa ajili ya watumishi wa afya wa wilaya walio mbali na mji. Sanduku lilifunguliwa, likasimamishwa, likawa rafu. Anayelisimamia alipewa mafunzo mafupi. Mama aliliona kwa mara ya kwanza kwenye semina, akalipenda kwa sababu kila kitu ndani yake kilichaguliwa na mtu aliyefikiria mganga aliye peke yake usiku. "Maboksi ya Ulaya yalikuja na walichokuwa hawakihitaji. Hili lilikuja na tunachokihitaji."

Kabla ya sanduku hilo kulikuwa na kitu kikubwa zaidi, ingawa vijana wengi wa leo hawakijui. Mwaka 1973, mkoa huu ungali unaitwa Ziwa Magharibi, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadili malaria, maji na vyoo, kisha wakaenda kuchimba vyoo hivyo. Mama alikuwa mtoto. Baba yake alikuwa kwenye kikundi, na kijitabu kile kilikuwa cha kwanza kuingia nyumbani kwao kisichokuwa cha dini. Alijifunza kusoma kwa kukisoma kwa sauti, baba akimsikiliza. Nilipomwuliza kama hapo ndipo alipoanza kazi ya maktaba, alicheka akasema hapana, alianza kwenye chai.

Tulifika kwenye jambo lililokuwa gumu kwake. Wagonjwa 3 wa kwanza wa ukimwi kuripotiwa Tanzania walikuwa wa Kagera, mwaka 1983. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walipima damu mkoa mzima na kukuta kwamba Bukoba mjini asilimia 24.2 ya watu wazima wana virusi. Karibu mtu 1 kati ya 4. Utafiti ulirudiwa, na habari njema ni kwamba kiwango kilishuka: asilimia 18.3 mwaka 1993, asilimia 13.3 mwaka 1996. Kushuka huko kulisomwa duniani kote kama ushahidi kwamba watu wakielimika wanabadilika. Tasnifu za Japhet Killewo, Gideon Kwesigabo na baadaye Gasto Frumence, zote zilizotolewa Umeå, ziliandikwa kutokana na nyumba za mkoa huu. Lakini makala ya kwanza yalichapwa mwaka 1990 katika jarida la nje, na Mama aliyaona miaka kadhaa baadaye, nakala ya fotokopi iliyofifia aliyoletewa na mkufunzi aliyetoka masomoni.

"Walipima hapa hapa, mwanangu. Mtaani kwetu. Wanafunzi wangu walikuwa wanazika ndugu zao Jumamosi, Jumatatu wanakuja kuniuliza kitabu. Namba ilikuwa ipo, mimi sikuwa nayo." Alisema hivyo akilitazama daftari la azima, na nilimwacha akae kimya kidogo.

Nilimweleza kwamba Kagera ni miongoni mwa sehemu za Afrika zilizochunguzwa kwa muda mrefu zaidi. Kuanzia 1991 hadi 1994 kaya 915 za mkoa huu zilihojiwa mara kwa mara kuhusu afya, vifo, mashamba na masomo ya watoto. Mwaka 2004 watafiti walizitafuta tena na kuzipata asilimia 93, hata watu waliohamia Mwanza, Dar es Salaam na Uganda, na mwaka 2010 wakarudi tena. Takwimu hizo hufundishiwa uchumi katika vyuo vikuu ambavyo wanafunzi wake hawawezi kuionyesha Muleba kwenye ramani. Alinisikiliza, akatafuna kahawa yake, akauliza: "Na nani anazisoma Muleba?" Nilimwambia kesho yake naelekea huko.

Kabla sijaondoka alinisimulia kilichotokea alipostaafu, maana ndicho alichotaka hasa kiandikwe. Mwezi Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa wa majarida walianzisha HINARI, mpango unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya tiba ambayo ungelazimika kuyalipia mamilioni. Leo mpango huo uko chini ya Research4Life pamoja na mipango mingine ya kilimo, mazingira na sheria. Taasisi hujiandikisha, hupewa jina na nywila, na mara nyingi mtunza nywila ni mtu wa maktaba. Chuoni kwake alikuwa yeye. Siku ya kuagwa alipewa mashuka, redio na hotuba. Alikabidhi funguo, rejesta na mhuri mpya. Hakuna aliyemwuliza nywila, kwa sababu haikuwa kwenye fomu ya makabidhiano. Alipiga simu mwenyewe wiki iliyofuata. Nafasi yake ilikuwa bado wazi, na mlinzi ndiye aliyekuwa akifungua mlango.

Kesho yake nilichukua mchomoko wa kwenda Muleba. Tulikuwa watu wengi kuliko viti, kama kawaida ya magari hayo, na kuku mmoja miguuni. Barabara ya lami inapita Kyetema na Kemondo kwenye bandari, halafu Muhutwe, ambako nilishuka kuchukua gari jingine la kupanda Kamachumu. Kati ya vijiji kuna rweya, uwanda wa nyasi usio na mti, kijani kibichi baada ya mvua, halafu ghafla kijiji kinaanza tena na migomba yake minene. Kemondo naipenda kwa sababu nyingine. Hapo na jirani yake akina Peter Schmidt na Donald Avery walichunguza matanuri ya kale ya chuma, na mwaka 1978 wakaandika katika jarida la Science kwamba mababu wa Wahaya waliyeyusha chuma kwa ustadi wa hali ya juu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wazee waliokuwa wangali wanakumbuka kazi hiyo ndio waliowajengea tanuri na kuwaonyesha. Ni sura ile ile: maarifa ya huku, jarida la kule. Ila katika jambo hili wazee wa kijiji cha Katuruka waliamua baadaye kujenga mahali pa kuyahifadhi wao wenyewe kijijini, na Schmidt akarudi kufanya nao kazi.

Chuo nilichokitembelea kule juu sitakitaja, kwa sababu niliahidi. Kamachumu kuna baridi. Wanafunzi walivaa masweta juu ya sare nyeupe. Maktaba ni chumba kirefu chenye madirisha ya nyavu, meza za mninga zilizochongwa vizuri na fundi wa misheni zamani, na kompyuta chache ambazo moja ilikuwa imefunikwa kitambaa cha mezani, ishara ya kuharibika. Anayekisimamia ni binti wa miaka 20 na kidogo, mwenye stashahada ya Bagamoyo. Wanafunzi wanamwita Madamu, na wale wanaomzidi umri, wauguzi waliorudi kujiendeleza, wanamwita Dada.

Nilibahatika kufika siku aliyopanga kuwafundisha wakufunzi na wanafunzi wa mwaka wa mwisho jinsi ya kutafuta makala. Alikuwa amejifunza hilo kwa mtandao, kozi za bure za Research4Life, akitumia bando lake mwenyewe usiku. Hakuanza na maelezo. Aliandika ubaoni neno moja, Muleba, akawaambia waliandike kwenye PubMed, hazina ya makala za tiba ambayo tangu 1997 kila mtu anaweza kuipekua bila malipo. Simu zilitoka mifukoni. Intaneti ilisuasua, kisha orodha ikafunguka, na chumba kikaanza kelele.

Makala ya kwanza aliyowasomesha yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2018. Utafiti wake ulifanyika katika wilaya hii, watafiti wakiwa wa taasisi ya utafiti ya NIMR, Mwanza, KCMC ya Moshi na chuo cha tiba cha London. Mbu wa huku walikuwa wamezizoea dawa za kawaida za vyandarua, kwa hiyo makundi 48 ya kaya yaligawiwa vyandarua kwa bahati nasibu, vingine vya kawaida, vingine vyenye kiambato cha PBO kinachovunja kinga ya mbu dhidi ya dawa. Watoto waliolalia vyandarua vya PBO walipata malaria kidogo zaidi. Mwaka 2017, kabla hata makala hayajachapwa, kwa ushahidi huo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo vitumike kwingine palipo na mbu sugu, na mamilioni ya watoto wa Afrika sasa wanalala ndani yake. Binti alisoma sehemu ya njia za utafiti kwa Kiingereza, akaifafanua kwa Kiswahili, polepole, akisimama kila penye neno la takwimu.

Mwanafunzi mmoja wa kiume alinyanyua mkono, akasema mama yake aliwahi kujiandikisha kwenye utafiti wa vyandarua, wakaja watu kuhesabu mbu chumbani asubuhi. Mwingine akasema hata kwao. Mkufunzi wa afya ya jamii, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimwomba binti arudie namba ya makala ili aiandike. Nimehudhuria mafunzo mengi ya kitaaluma katika kumbi zenye viyoyozi, na sijaona popote watu wakikielewa kwa haraka namna ile kile wanachofundishwa. Hawakuwa wakisoma habari za watu wa mbali. Walikuwa wakisoma mambo yaliyotokea vyumbani mwao, na kwa mara ya kwanza yalikuwa na namba, jedwali na majina ya walioyaandika.

Baadaye, tukinywa chai ya maziwa kwenye kibaraza, binti alinieleza kuhusu Machi 2023. Serikali ilitangaza tarehe 21 kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba vijijini ni Marburg, wa kwanza kupata kuthibitishwa Tanzania. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, wagonjwa walikuwa 9 na 6 walifariki, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Yeye alikuwa mgeni kazini. Wakufunzi waliingia maktaba kwa hofu: tufundishe nini, wanafunzi walio wodini waambiwe nini? Kwenye rafu ya WC alikuta kitabu kimoja cha homa za virusi zinazosababisha kutoka damu, cha zamani. Alishinda akipakua miongozo ya kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, akaichapa, akaibandika milangoni. Aliniambia jambo ambalo nimelifikiria sana: mafunzo ya Bagamoyo yalimpa njia ya kutafuta, lakini kuamua ipi kati ya karatasi kumi ni ya kuaminika, na ipi imepitwa na wakati, alijifunza siku hizo akiwa peke yake. Biharamulo ilipopata mlipuko wa Marburg Januari 2025, faili lilikuwa tayari.

Muuguzi wa Tanzania anapohuisha leseni hudaiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga aonyeshe mafunzo endelevu aliyoyapata. Ni utaratibu mzuri. Mfanyakazi wa maktaba hana leseni ya namna hiyo, hivyo hakuna anayemwuliza amejifunza nini mwaka huu, na asipoulizwa hapangiwi fedha. Kuna Chama cha Maktaba Tanzania, kuna AHILA, jumuiya ya maktaba za afya Afrika iliyoanza mwaka 1984, na mikutano yao ni mizuri, ila nauli ya kutoka Kamachumu hadi ukumbini huwa ni ya mtu mwenyewe. Nasema wazi: chuo cha uuguzi kinachompeleka mkufunzi semina tatu kwa mwaka na mtunza maktaba asipate hata moja kinawanyima wanafunzi wake wote. Mkufunzi akijifunza, darasa lake linafaidika. Binti huyu alipojifunza, wakufunzi wenyewe walikuja kukaa kwenye viti vya wanafunzi.

Habari za watumishi za chuo hicho ni hizi, na naziandika kama nilivyoombwa. Binti amepata barua ya kuruhusiwa kwenda kusoma shahada ya ukutubi. Mkuu wa chuo ameridhia, kwa sharti kwamba asiondoke kabla hajafundisha watu wawili: karani wa taaluma, ambaye ataketi maktaba asubuhi, na yule mkufunzi mwenye miwani, ambaye ameomba mwenyewe. Nywila ya Research4Life sasa iko katika bahasha ndani ya kabati la mkuu, na imeongezwa kama kipengele kwenye fomu ya makabidhiano. Kompyuta iliyofunikwa kitambaa inasubiri fundi kutoka Bukoba. Nilimpa namba ya simu ya mama wa Ijuganyondo, kwa idhini yake, na walizungumza kwa Kihaya muda mrefu nikiwa nimekaa hapo hapo, wakicheka, kisha wakapanga mama aje muhula utakaofuata kumwonyesha karani jinsi ya kuokoa vitabu vilivyoshikana.

Na kuna orodha. Binti ameanza kuandika, kwenye daftari la kaunta lenye mistari, kila utafiti wa afya uliofanyika Kagera anaoweza kuupata: mwaka, waandishi, jarida, kama makala ni ya bure au la. Safu ya mwisho ameiita Kijiji. Hapo anaandika, pale makala yanapotaja, ni kijiji au kata gani watu walihojiwa au kupimwa, ili mwanafunzi akiingia aulizwe kwanza kwao ni wapi. Tasnifu za Umeå bado hajazipata zote kwa karatasi; anataka nakala zilizopigwa chapa, kwa kuwa umeme ukikatika Kamachumu simu nazo huzimika. Amenipa majina matatu nimwulizie Muhimbili, na ameandika kando ya kila moja, kwa mwandiko wa duara, itakaa rafu gani ikifika.